Kushusha Nyuma ya Gari la Kikundi kwa Pesa Kidogo

Maongezi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kangemi, Kawangware, Dagoretti na Kikuyu



Leo nimeombwa nijibu swali ambalo vikundi vingi vimeuliza, na kila kimoja kimeuliza kwa namna yake. Wengine wanasema, "Tulinunua pikapu ya mkono wa pili, lakini nyuma imeinuka kama panzi. Ikiwa tupu inaruka, na mvua ikinyesha inateleza." Wengine, hasa vijana, wanasema, "Sisi tunataka ishuke tu, ipendeze." Na mwekahazina anauliza la kwake: "Hiyo kazi ni pesa ngapi, na tutatoa wapi?"

Maswali haya ni mazuri. Gari la kikundi si pambo. Wengine mliuza kuku, wengine mlichanga shilingi kidogo kidogo kila wiki kwa miaka mpaka likapatikana. Ndani yake kuna kabichi zinazokwenda Marikiti alfajiri, na kando ya dereva ameketi mama ya watu. Kwa hiyo tukizungumza juu ya springi, tunazungumza juu ya jasho la kikundi na uhai wa watu. Tuende pole pole.

KWA NINI MAGARI HAYA YALIINULIWA

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum ya magari ya abiria. Siku hizo matatu nyingi zilikuwa pikapu zilizojengewa bodi nyuma. Tangu wakati huo tumezoea jambo moja: gari likilemewa, hatupunguzi mzigo, tunaongeza chuma. Aliyebeba viazi akaongeza, aliyebeba mchanga akaongeza, na siku ya kuliuza gari yule anayenunua anarithi chuma chote.

Kuna pia gunia letu la lumbesa, lile linaloshonewa kofia juu mpaka wanaume watatu wanashindwa kulipandisha. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Tufanye hesabu. Kama pikapu yenu imeruhusiwa kubeba kilo 1,000, hayo ni magunia 20 ya kilo 50, na kila mtu mnayempakia anapunguza idadi hiyo. Mkipakia lumbesa 20, mmeshapita mbali sana. Basi kabla hamjamlaumu fundi au springi, angalieni kile kibao cha chuma kwenye gari kinachoonyesha uzito. Kushusha gari bila kushusha mzigo ni kutwanga maji kwenye kinu.

UBAYA WA NYUMA ILIYOINULIWA

Mtu anaweza kusema, "Si iachwe tu? Inabeba." Ni kweli inabeba. Lakini sikilizeni yanayotokea.

Kwanza, springi ngumu kupita kiasi haikunji gari likiwa tupu. Tairi likigonga shimo linaruka, na likiwa hewani halishiki barabara. Dereva anakanyaga breki, lakini tairi lililo hewani halisimamishi kitu. Hapo ndipo gari linapogeuka kwenye kona ya mteremko wakati linarudi nyumbani likiwa tupu, na watu wanashangaa kwa sababu lilikwenda na mzigo salama.

Pili, na hili wengi hawalijui: pikapu nyingi zina vali ya breki karibu na ekseli ya nyuma. Vali hii imeungwa kwa kijiti cha chuma mpaka kwenye ekseli. Gari likipakiwa, bodi inashuka, kijiti kinasukumwa, na vali inajua kwamba kuna mzigo. Hapo inaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, vali inapunguza nguvu hiyo ili matairi ya nyuma yasifunge yakateleza. Sasa fikirini: mwenye gari wa kwanza aliongeza chuma mpaka bodi haishuki hata ikipakiwa. Vali inadanganyika kwamba gari ni tupu. Mmebeba tani nzima, lakini breki za nyuma zinafanya kazi kama hamna mzigo. Gari halisimami pale mlipotarajia.

Jambo hili lina upande wa pili pia. Mkilishusha gari kupita kiasi, vali inadanganyika kinyume. Gari ni tupu, lakini yenyewe inadhani limejaa, inazipa breki za nyuma nguvu nyingi, na matairi yanafunga. Kwa hiyo kuinua ni hatari, na kushusha bila kipimo ni hatari vile vile.

Tatu, taa. Nyuma ikiinuka, taa za mbele zinamulika chini, na dereva haoni mbali. Nyuma ikishuka, taa zinainuka na kumpofusha anayekuja. Nne, propela shafti inafanya kazi kwa pembe ambayo haikupangiwa. Gari linatetemeka, na zile krosi zake zinakwisha mapema. Hiyo ni pesa ya kikundi inayomwagika barabarani bila risiti.

SHABAHA YETU NI NINI

Tukubaliane hapa, kwa sababu bila hili mtagombana. Shabaha yetu ni kulirudisha gari kwenye kimo alichokiweka mtengenezaji. Hatulishushi chini ya hapo. Nawaambia vijana kwa upendo: gari linalotambaa linapendeza kwenye lami ya mjini, lakini barabara zetu za Dagoretti na za vijijini mnazijua. Gari la kikundi likigonga tangi la mafuta juu ya jiwe, atakayelia ni mama aliyechanga. Mwenye gari lake binafsi ana uhuru wake, ila sheria za barabara ni moja kwa wote.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI NA FUTI

Hatua hii haina gharama. Egesheni gari mahali tambarare, likiwa tupu, na upepo wa matairi ukiwa sawa. Kwa kila gurudumu, pimeni kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Andikeni namba nne kwenye daftari. Kisha pakieni mzigo wenu wa kawaida, mpime tena na muandike. Halafu tafuteni gari la aina ile ile ambalo halijaguswa. Ombeni ruhusa, mlipime vile vile.

Sasa mna ukweli mkononi. Kama lenu limezidi kwa sentimita 6, mnajua mnatafuta sentimita 6. Kama upande wa kushoto umezidi wa kulia, mnajua kuna springi iliyochoka au iliyovunjika. Fundi akiwaona na daftari, hata mazungumzo yanabadilika. Hatawaambia "hii ni kazi kubwa" kabla hajaeleza ukubwa wake uko wapi.

HATUA YA PILI: TAZAMENI LILIINULIWA VIPI

Pikapu nyingi nyuma zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu mpaka kifupi. Kila chuma kimoja tukiite lifu. Lifu ndefu kuliko zote ina macho mawili kwenye ncha, na hiyo ndiyo mama wa springi. Zote zimeshikwa katikati kwa senta bolti, na springi nzima imefungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Ncha moja imefungwa moja kwa moja kwenye chesi. Ncha nyingine inaning'inia kwenye shako, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa.

Ingieni chini na tochi. Gari lisiwe juu ya jeki. Liwe limesimama kwa magurudumu yake. Kuna njia tatu za kawaida za kuinua.

Njia ya kwanza ni bloku. Hiki ni kipande cha chuma kilichowekwa kati ya springi na ekseli. Kama springi iko juu ya ekseli, bloku inainua gari kwa unene wake wote. Mkitoa bloku ya sentimita 5, gari linashuka sentimita 5. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Mnahitaji tu yubolti fupi zinazofaa.

Hapa kuna mtego. Magari mengine, hasa madogo, yana springi iliyopita chini ya ekseli. Kwa hayo bloku inashusha badala ya kuinua. Kwa hiyo mtu akiwauzia "bloku za kushusha" pale mjini bila kuuliza springi yenu imepita wapi, mtarudi nyumbani na gari lililopanda zaidi. Tazameni kwanza, nunueni baadaye.

Njia ya pili ni shako ndefu. Fundi ametengeneza shako nyingine, au ameunga ile ya zamani kwa weldi. Kwa kuwa shako iko upande mmoja tu wa springi, gari huinuka karibu nusu ya urefu ulioongezwa. Shako ikiongezwa sentimita 4, nyuma hupanda karibu sentimita 2. Mkirudisha shako ya asili gari linashuka, na mmeondoa weldi ambayo ingeweza kukatika.

Njia ya tatu ni lifu za nyongeza, na hii ndiyo tunayoikuta mara nyingi. Hesabuni lifu za gari lenu, mlinganishe na zile za gari ambalo halijaguswa. Tazameni pia rangi na unene, maana lifu iliyotoka kwenye lori hujulikana.

HATUA YA TATU: KUTOA LIFU

Kama mtengenezaji aliweka lifu 5 na nyinyi mna 7, mbili ni wageni. Watoke. Lakini watoke kwa utaratibu.

Msitoe kamwe ile ndefu yenye macho. Na ile ya pili yake iacheni, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayoshikilia gari kama ya kwanza ikivunjika. Toeni zilizoongezwa, na mtoe sawa pande zote mbili. Kutoa upande mmoja ili "kusawazisha" gari lililoinama ni kuficha ugonjwa.

Jueni pia hesabu ya ugumu. Kama lifu zote zina unene mmoja, kutoka 7 hadi 5 kunapunguza karibu sehemu mbili kati ya saba za ugumu wa springi. Basi na mzigo upungue. Unene nao una nguvu kuliko tunavyodhani. Lifu ya milimita 10 si ngumu kidogo tu kuliko ya milimita 8. Zikiwa na urefu na upana sawa, ile nene ni ngumu karibu mara mbili. Ndiyo maana mkinunua springi ya mkono wa pili, msihesabu lifu peke yake. Bebeni na rula.

Sasa usalama wa fundi, kwa maana fundi naye ni mtoto wa mtu. Magurudumu ya mbele yawekewe vigingi. Gari lisimame juu ya stendi imara chini ya chesi. Mawe, matofali na jeki peke yake havitoshi. Ekseli nayo ishikiliwe chini. Kabla ya kufungua senta bolti, springi ibanwe kwa klampu, kwa sababu lifu zimebanana na zikiachiliwa ghafla zinaruka. Mtu asikae mbele ya ncha zake.

Wakati wa kurudisha, tumieni senta bolti mpya yenye urefu unaofaa, na yubolti mpya. Yubolti ya zamani imeshavutwa na nyuzi zake zimechoka. Hapa ndipo wengi hubania shilingi, na hapa ndipo ekseli hutoka mahali pake. Boliti za macho na za shako zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limeshuka na kusimama kwa magurudumu. Zikikazwa gari likiwa hewani, bushi za mpira zinabaki zimejinyonga na zitakatika mapema.

MAMBO AMBAYO MSIKUBALI

Kuna fundi atawaambia, "Mimi nawashia gesi, springi inalala yenyewe, dakika kumi tu." Mkatalieni kwa heshima. Chuma cha springi kilipikwa na kupozwa kwa kipimo ndipo kikapata tabia ya kurudi. Mkikiunguza kwa gesi, tabia hiyo imekwenda. Leo kitalala sentimita 5, mwezi ujao 8, na upande mmoja utalala kuliko mwingine. Halafu siku moja kinakatika. Weldi kwenye lifu ni vile vile. Lifu iliyovunjika haiungwi, inabadilishwa.

Kuna wahunzi wanaojua kukunja lifu baridi, kwa nyundo au kwa mashine ya kukandamiza, wakipunguza upinde kidogo kidogo bila moto. Hiyo ni kazi halali kama anayeifanya ana uzoefu, na akipima kila lifu dhidi ya mwenzake. Inafaa pale ambapo idadi ya lifu ni ya asili lakini zilikuwa zimepindwa sana.

Kwa magari madogo yenye springi za koili, zile za mzunguko, njia ya maskini ni kukata mzunguko mmoja kwa grainda. Nitasema wazi. Koili ikikatwa inakuwa fupi, lakini pia inakuwa ngumu zaidi. Kama ilikuwa na mizunguko 8 inayofanya kazi na mkakata mmoja, ugumu unaongezeka kama asilimia 14. Kisha gari likiruka shimo, koili fupi inaweza kulegea na kutoka kwenye kikalio chake. Kwa gari linalobeba watu wa kikundi, siishauri. Afadhali mtafute koili ya asili ya gari la aina hiyo, hata kama ni ya mkono wa pili, nzima na isiyo na kutu iliyokula chuma.

KWENDA RIVER ROAD NA KIRINYAGA ROAD

Wengi wenu mtapanda matatu mpaka mjini, mvuke River Road, mwende Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, jina la yule mlowezi Ewart Grogan. Huko kuna spea za kila aina na mafundi wa kila aina. Wako wanaodharau jua kali. Lakini mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyosema kwamba kazi hizi ndogo ndogo si uvivu wala ubabaishaji. Ni kazi zinazozalisha mali na kulisha watu, na serikali ilihimizwa iache kuzisumbua. Serikali yenyewe ilikuja kuandika sera juu ya jua kali, kama ile ya mwaka 1992. Basi tuwaheshimu mafundi, lakini tuwe macho.

Haya ndiyo ninayoshauri. Waende watu watatu: mmoja anayejua gari, mwekahazina, na mama mmoja asiyeona haya kuuliza. Msiende siku hiyo hiyo na pesa zote mfukoni. Safari ya kwanza ni ya kuuliza bei katika maduka matatu au zaidi, mkiandika. Safari ya pili ni ya kununua. Bebeni kipimo cha springi: urefu kutoka jicho hadi jicho, upana, unene, na idadi ya lifu. Bebeni yubolti ya zamani kama mfano. Springi ya mkono wa pili ipigwe brashi ya waya kwanza, mtazame nyufa, hasa karibu na tundu la senta bolti. Ikiwa imepakwa rangi mpya nzito, jiulizeni rangi inaficha nini.

Dai risiti yenye jina la duka. Muuzaji akikataa kusema spea imetoka wapi, nendeni duka lingine, hata kama bei yake inavutia. Spea ya wizi ni gari la mwenzenu lililolala juu ya mawe mahali fulani. Kikundi kilichoanza kwa sala hakiwezi kuendelea kwa kitu cha aina hiyo.

Na fundi alipwe haki yake. Papa Leo XIII aliandika juu ya ujira wa haki wa mfanyakazi mwaka 1891, na neno hilo halijazeeka. Patanene kabla ya kazi, muandike kazi gani na kwa pesa ngapi, mlipe sehemu mwanzo na sehemu baada ya majaribio. Fundi anayepunjwa hukaza boliti kwa hasira, na boliti iliyokazwa kwa hasira ni nyinyi mtakaoendesha juu yake.

PESA ITOKE WAPI

Mwekahazina agawe gharama mara tatu: lazima, inafaa, na inaweza kungoja. Lazima ni yubolti, senta bolti, bushi zilizokwisha na kazi ya fundi. Inafaa ni shokomzoba mpya, kama za zamani zinavuja au kama aliyeinua gari aliweka ndefu kupita kiasi. Inaweza kungoja ni rangi, urembo na muziki. Msichanganye mafungu haya hata kama kijana wa kikundi ana maneno matamu.

Kuna pesa nyingine ambayo hatuihesabu. Zile lifu na bloku mlizotoa ni chuma kizuri, na wahunzi wetu hutengeneza majembe, mapanga na patasi kwa chuma cha springi. Ziuzeni, au mumpe mhunzi awatengenezee zana za shamba. Hata hivyo msimwuzie mtu akazifunge kwenye gari jingine bila kujua historia yake.

BAADA YA KAZI

Gari likishuka, kazi haijaisha. Pimeni tena zile namba nne. Hakikisheni kati ya ekseli na ule mpira wa kuzuia kugonga chesi kuna nafasi hata mkipakia mzigo wenu halali. Kijiti cha vali ya breki kirekebishwe na fundi anayekijua, kwa kipimo cha gari hilo. Asikifunge kwa waya. Breki zijaribiwe mahali pa wazi, bila watu, kwanza gari likiwa tupu, kisha na mzigo. Taa za mbele zirekebishwe. Yubolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na tena baada ya siku chache, kwa sababu lifu hukalia upya.

Gari la biashara hukaguliwa kila mwaka, na mamlaka ya usafiri, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Msingoje mkaguzi awaambie kilicho chini ya gari lenu. Kampuni ya bima nayo ijulishwe juu ya mabadiliko yoyote, maana ajali ikitokea, jambo lililofichwa linaweza kuwa sababu ya kunyimwa fidia.

NENO LA MWISHO

Pale Kangemi kuna kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na Papa Fransisko alilitembelea tarehe 27 Novemba 2015. Alizungumza na watu wa mitaa ambayo haina maji ya kutosha, haina mifereji, haina barabara nzuri, lakini ina watu wanaosaidiana. Jina hilo la Yosefu Mfanyakazi linatokana na sikukuu iliyowekwa mwaka 1955, tarehe 1 Mei. Yosefu alikuwa fundi. Naamini alipima kabla ya kukata.

Basi na sisi tupime. Gari likikaa kwenye kimo chake, likabeba kadiri yake, likasimama linapoambiwa lisimame, kikundi kinaendelea. Mama anakwenda sokoni na anarudi. Hilo ndilo tunalotafuta. Haraka haraka haina baraka, na hata pesa kidogo, ikitumiwa kwa kipimo, hufanya kazi ya pesa nyingi.

Mungu awabariki na azilinde safari zenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu linaruhusiwa kubeba kilo ngapi, na juma lililopita tulibeba ngapi? Nani aliamua?

2. Je, kuna mwanachama aliyeingia chini ya gari na kuhesabu lifu? Kama hakuna, nani ataingia Jumamosi hii, na nani atashika daftari?

3. Tukiacha lumbesa, mapato yatapungua kiasi gani kwa kila safari? Tulinganishe na gharama ya ajali moja.

4. Nani huketi mahali pa hatari zaidi katika gari letu, na je, alikuwepo tulipopanga matumizi ya pesa?

5. Katika fedha tulizo nazo leo, ni zipi za lazima, zinazofaa, na zinazoweza kungoja?